Jeni za ukali za bakteria wa kipindupindu

Jeni za ukali ni zile zinazompa bakteria uwezo wa kumdhuru mwenyeji wake, kwa mfano kutengeneza sumu, kunata kwenye ukuta wa utumbo au kuvamia seli. Kwa vimelea vingi vya tumbo, jeni hizi huamka au kulala kufuatana na hali ya mahali bakteria alipo: joto, asidi, oksijeni, nyongo. Mfano unaojulikana vizuri ni Vibrio cholerae, bakteria wa kipindupindu.

Makazi yake ya asili ni maji ya pwani na ya milango ya mito, ambako hujishikiza kwenye magamba ya kopepodi, vijidudu wa ukoo mmoja na kamba na kaa. Huko sumu haimfai kitu, na wengi wa jamii yake waishio majini hata hawana jeni za sumu. Jeni hizo huletwa na kirusi kinachoshambulia bakteria, kama Matthew Waldor na John Mekalanos walivyoonyesha mwaka 1996. Kirusi hicho huingia kwa kushika vinywele viitwavyo TCP, vilevile ambavyo bakteria huvihitaji ili atulie utumboni. Hali inayootesha vinywele, basi, ndiyo inayomkaribisha mleta sumu.

Bakteria akimezwa hukutana kwanza na asidi ya tumbo, ambayo huua wengi. Watu waliojitolea kwa majaribio, walipopewa bikabonati ya sodiamu ya kutuliza asidi hiyo, waliugua kwa dozi ndogo zaidi sana. Bakteria walionusurika huingia utumbo mwembamba, na hapo amri hushuka kwa ngazi. Protini mbili za utando, ToxR na TcpP, husaidiana kuamsha jeni ya toxT. Protini ya ToxT nayo huamsha jeni za sumu na za vinywele. Umbo la ToxR linastahili kutazamwa: upande mmoja umechungulia nje ya utando wa ndani, upande wa pili unaishika DNA, hivyo habari haina haja ya tarishi. Joto nalo lina njia yake. Mwanzo wa RNA ya toxT umejikunja fundo linaloficha mahali pa kushikwa na ribosomu. Kwenye maji ya baridi fundo hukaza, na kwenye nyuzi 37 hulegea.

Kwenye nyongo ndiko mambo yanakotatanisha. Baadhi ya asidi za mafuta zilizomo hukamata ToxT na kuizuia. Mwaka 2010 picha ya umbo la protini hiyo ilionyesha asidi ya mafuta yenye kaboni 16 imejikita ndani yake. Lakini chumvi za nyongo hiyohiyo huifanya TcpP ijiunge jozi na kuchapua kazi. Nyongo inazima au inawasha? Maelezo yenye nguvu zaidi ni kwamba jibu linategemea mahali. Katikati ya mfereji wa utumbo asidi za mafuta ni nyingi, na bakteria hunyamaza. Chini ya ute, karibu na seli, asidi hizo hupungua, na bikabonati inayotolewa na utumbo huipa ToxT nguvu. Sumu hutolewa pale inapoweza kufika.

Maabara zilichelewa kuliona hili, na si ajabu. Aina ya zamani ya bakteria huyu hutoa sumu vizuri kwenye nyuzi 30 na mchuzi wenye asidi kidogo, na hugoma kwenye nyuzi 37 na mchuzi wa alkali, kinyume kabisa cha yale mtu angetarajia. El Tor, aina iliyobeba janga la saba la kipindupindu tangu 1961, hudai mchuzi wenye bikabonati, uachwe utulie kwanza ndipo utikiswe. Anayesoma matokeo ya chupa peke yake hupotoka kirahisi.

Wingi nao huhesabiwa. Vimelea kadhaa husubiri wajae ndipo washambulie. Huyu hufanya kinyume. Wakisongamana, protini ya HapR huzima ngazi yote, na bakteria hujiandaa kuondoka na kuharisha kule kunakofanana na maji ya mchele. Utafiti wa mwaka 2002, uliotumia choo cha wagonjwa wa Bangladesh, ulikuta kwamba bakteria waliotoka hivyo huambukiza panya kwa urahisi kuliko waliokuzwa maabara. Ndiyo maana kisima kilichochafuliwa muda mfupi uliopita ni cha kuogopwa zaidi.

Jamaa zake wa tumboni husoma alama nyingine. Shigella hulaza jeni zake za uvamizi kwenye nyuzi 30 na kuziamsha kwenye 37. Salmonella, akishamezwa na seli ya kinga, hutambua asidi na uhaba wa magnesi kwa mfumo wa PhoP na PhoQ, kisha hufungua jeni za kumwezesha kuishi humohumo.

Mwaka 2005 ilitangazwa kemikali ya virstatini, inayoizuia ToxT bila kumuua bakteria, nayo ilipunguza makazi ya bakteria katika utumbo wa vichanga vya panya. Mgonjwa wa kipindupindu bado huokolewa kwa kurudishiwa maji na chumvi, kwa kinywa au kwa mshipa.