Kati ya Tangi na Nozeli: Historia ya Kuunganisha Mabomba ya Mafuta kwenye Pampu za Injini za Dizeli, Makambako na Njombe

Makambako imezoeleka kuandikiwa historia ya njia panda. Barabara kuu iendayo Zambia inapita hapo, barabara ya Njombe na Songea inachepuka hapo, na reli ya TAZARA, baada ya kupanda kutoka bonde la Kilombero, inakutana na barabara hapohapo. Maandishi ya aina hiyo yana manufaa, ila husimulia malori na treni kana kwamba vilijiendesha vyenyewe. Insha hii inashuka chini zaidi, hadi kwenye mabomba membamba yanayopeleka dizeli kutoka kwenye tangi hadi kwenye pampu, na kutoka kwenye pampu hadi kwenye nozeli. Hoja inayotetewa ni kwamba pampu yenyewe kwa kawaida ilikuwa nje ya uwezo wa fundi wa gereji ya kando ya barabara, kwa kuwa kuipima kunahitaji mtambo maalumu. Kilichobaki mikononi mwake ni maungio. Ujuzi wa mahali ulijengwa kwenye maungio hayo, na katika injini za leo baadhi ya ujuzi huohuo umegeuka kuwa hatari kwa mwenye nao.

Inafaa kueleza kwanza namna mfumo unavyofanya kazi. Injini ya Rudolf Diesel ya mwaka 1897 ilipuliza mafuta ndani ya silinda kwa hewa iliyoshindiliwa, na vifaa vya kuishindilia hewa hiyo vilikuwa vizito mno kwa lori. Kampuni ya Bosch ilipoanza kutengeneza pampu za mstari kwa wingi mwaka 1927, ndipo dizeli ilipofaa barabarani. Katika mfumo huo mabomba yana pande mbili zenye tabia tofauti kabisa. Upande wa kwanza, kutoka kwenye tangi kupitia pampu ndogo ya kuvuta na chujio hadi kwenye pampu kubwa, una kanieneo ndogo, na adui yake ni hewa. Upande wa pili, kutoka kwenye pampu kubwa hadi kwenye nozeli, hufikia kanieneo ya hewa ya kawaida mara 200 hivi, na adui yake ni uchafu. Hewa hushindilika, mafuta karibu hayashindiliki. Kiputo kikiingia kwenye pampu, nguvu yote huishia kukibana na nozeli haifunguki. Fundi husema gari limeingia upepo. Tiba yake ni kulegeza skrubu ya chujio, kupiga pampu ya mkono mpaka povu liishe na mafuta yatoke yakiwa safi, kukaza, kisha kulegeza nati za nozeli mojamoja huku injini ikizungushwa.

Maarifa hayo yalienea Nyanda za Juu Kusini kwa msukumo wa siasa. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru Novemba 1965, Zambia ilihitaji njia nyingine ya kufika baharini. Mwaka 1966 ilianzishwa kampuni ya pamoja ya uchukuzi ya Zambia na Tanzania, ambayo malori yake ya Fiat yalipita barabara iliyokuwa bado ya udongo kwa sehemu kubwa. Bomba la TAZAMA, lenye urefu wa kilometa 1,710, lilianza kupeleka mafuta Ndola mwaka 1968. Vumbi la kiangazi liliziba machujio, na mtikisiko ulilegeza nati na kupasua mabomba ya chuma. Lori lililozimika porini halikuwa na wa kulisaidia isipokuwa dereva na utingo wake, na hapo spana mbili zilikuwa na thamani kuliko cheti: moja ya kushika shina la pampu lisizunguke, nyingine ya kugeuza nati ya bomba. Anayetumia spana moja hulegeza vali iliyo chini ya nati bila kujua, kisha huilaumu pampu.

Reli haikuchangia gereji kama ambavyo mtu angetarajia. TAZARA, yenye kilometa 1,860, ilianza kujengwa mwaka 1970 na kukabidhiwa mwaka 1976, na sehemu ya Mlimba hadi Makambako ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote kwa mahandaki na madaraja yake. Vichwa vya treni vya kwanza, vilivyotoka China, vilielemewa na mpando huo, na katika miaka ya 1980 viliongezwa vingine vilivyoundwa Ujerumani Magharibi, vyenye injini za Kimarekani. Katika injini hizo kila silinda ina pampu yake na bomba fupi. Aliyejifunza kazi huko hakukuta kitu kinachofanana nacho kwenye lori, na karakana kuu za reli zilikuwa mbali, Dar es Salaam na Mpika.

Kipindi kilichofinyanga zaidi ufundi wa mahali ni kile cha uhaba, kuanzia mwisho wa miaka ya 1970 baada ya vita vya Kagera. Fedha za kigeni zilikosekana, na vipuri navyo. Mfano mzuri ni washa za shaba zinazokaa pande zote mbili za boliti yenye tundu, pale bomba linapoingia kwenye pampu. Washa ikishakazwa mara moja huwa ngumu, na ikirudishwa huvujisha mafuta au huvuta hewa. Fundi aliipasha moto mpaka ikawa nyekundu, akaiacha ipoe, nayo ikalainika na kufaa tena. Pampu ya kuvuta ilipokufa, dumu lilifungwa juu kuliko injini ili mafuta yashuke yenyewe. Tangi lililotoboka lilizibwa kwa sabuni. Wapo wanaoyaita haya ubabaishaji. Kuhusu sabuni sina la kuwatetea, lakini kulainisha shaba kwa moto ni sayansi ya metali iliyo sahihi kabisa.

Biashara ilipolegezwa kuanzia mwaka 1984, na magari yaliyotumika Japani yalipoanza kuingia kwa wingi, tatizo lilibadilika sura. Malori ya zamani yalikuwa na pampu ya mstari: tundu la kwanza kwa silinda ya kwanza, la pili kwa ya pili, hadi la sita, kwa kuwa mpangilio wa kuwaka wa 1-5-3-6-2-4 umekwisha kuwekwa ndani ya pampu. Pikapu na mabasi madogo yalikuja na pampu ya mviringo, ambayo matundu yake yamepangwa kwa kufuata mpangilio wa kuwaka, kwa kawaida 1-3-4-2 kwa silinda nne. Linalofuata tundu la kwanza si la silinda ya pili, ni la ya tatu. Aliyezoea lori aliunganisha kwa mazoea, injini ikatoa moshi mweupe na kukataa kuwaka, na betri ikaisha kwa kuzungusha. Katika baridi ya Juni na Julai mjini Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, betri iliyoisha asubuhi ni siku iliyopotea. Aidha, mabomba hayo hutengenezwa yakiwa na urefu sawa ili mafuta yafike kwa muda uleule. Ndiyo maana lile la silinda iliyo karibu hupindishwa mizunguko inayoonekana haina sababu. Kulifupisha ili lipendeze ni kuharibu majira ya injini.

Injini zilizochakaa hazikufa. Misitu iliyopandwa Njombe, ikiwamo ya kampuni ya TANWAT iliyoanzishwa mwaka 1949 kwa ajili ya miwati, ilizaa uchumi wa mbao, na wachanaji wadogo wakatumia mashine ziitwazo dingidongi, yaani msumeno wa duara unaozungushwa na injini ya dizeli. Hapo mfumo wa mafuta hurahisishwa hadi mwisho: dumu, mpira, chujio, pampu. Vumbi la mbao huingia kila mahali, na bomba linapofunguliwa bila kuzibwa mdomo, chembe moja yatosha kukwamisha nozeli. Kufika kwa gridi ya taifa Songea mwaka 2018, kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako, kulizima majenereta ya dizeli mjini humo, lakini msituni dizeli imebaki.

Tangu miaka ya 1990 zimekuja injini ambazo pampu yake hujaza mafuta kwenye bomba moja la pamoja, kisha kompyuta hufungua nozeli kwa umeme. Kanieneo ya bomba hilo huzidi ile ya hewa ya kawaida mara 1,000, na katika nyingine mara 2,000. Kulegeza nati ya nozeli huku injini inazunguka, tendo ambalo mwanagenzi hufundishwa mapema, huweza kutoa mchirizi mwembamba unaopenya ngozi na kuingiza dizeli mwilini. Jeraha huonekana dogo kama la sindano, na mgonjwa huchelewa kwenda hospitali, ilhali linahitaji upasuaji wa haraka. Maelezo ya tahadhari hubandikwa kwenye injini kwa Kiingereza au Kijapani. Neno la gereji kwa kazi zote mbili, ile salama ya pampu ya zamani na hii ya kutisha, bado ni moja: kutoa upepo.