Mlo wa Msafiri wa Kazi Mwanza

Wasafiri wa kazi waliofika Mwanza kwa meli kutoka Kisumu, ambako reli ilifika mwaka 1901, na baadaye kwa reli ya Tabora iliyokamilika mwaka 1928, walihitaji chakula karibu na bandari na stesheni, hitaji ambalo leo hutimizwa zaidi na mama ntilie, yaani wanawake wanaouza chakula kilichopikwa kando ya njia. Samaki wa mlo huo wana historia yao: sangara, aliyepandikizwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950, alizaa viwanda vilivyopeleka minofu Ulaya na kuwaachia wenyeji mapanki, yaani vichwa na mifupa, mgawanyo usio wa haki hata kidogo. Kwa msafiri wa leo, samaki aina ya sato wa kuchoma kwa ugali ndiye anayestahili kuagizwa kwanza.