Sheria za bahari na mito ya Eastlands, Nairobi

Sheria za Kenya za kulinda bahari zilianza kwa kuchora mipaka. Mwaka 1989 nchi iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari, na Sheria ya Maeneo ya Bahari ya mwaka huohuo ikataja maili za baharini 12 za maji ya nchi na 200 za ukanda wa kiuchumi. Sheria ya Uvuvi ya 2016 ilishughulikia samaki, leseni na vikundi vya wavuvi ufuoni. Pengo lilibaki upande wa bara. Ibara ya 207 ya mkataba huo huitaka kila nchi itunge sheria za kuzuia uchafuzi utokao nchi kavu, na uchafuzi huo hauanzii ufuoni Malindi; huanzia mbali, katika mito ya Eastlands, Nairobi.

Mto Nairobi hupita Gikomba, Shauri Moyo na Dandora. Mto Mathare hushuka kupitia Huruma na Korogocho, na Mto Ngong hupita Mukuru. Yote huishia katika Mto Athi, ambao mbele huitwa Galana, kisha Sabaki, na kumwagika Bahari ya Hindi kaskazini mwa Malindi, jirani na hifadhi ya bahari iliyotengwa mwaka 1968. Chupa iliyotupwa mtaroni Kariobangi haina mlango wa kuizuia njiani. Mvua kubwa ikinyesha, mtaro hufanya kazi ya mkokoteni.

Kwa hiyo mageuzi yenye uzito kwa bahari yamefanywa katika sheria za taka. Sheria ya Mazingira ya 1999 iliunda mamlaka ya kusimamia mazingira, NEMA, na kanuni za ubora wa maji za 2006 zikaweka viwango vya majitaka yanayoruhusiwa kuingia mtoni. Katiba ya 2010 iliifanya haki ya mazingira safi kuwa ya kudaiwa mahakamani, lakini ikazikabidhi kaunti kazi ya kuzoa taka. Basi bahari ikawa ya serikali kuu, na jaa likawa la kaunti.

Marufuku ya mifuko ya plastiki, iliyoanza tarehe 28 Agosti 2017, iliweka faini ya shilingi milioni 2 hadi 4 au kifungo cha mwaka 1 hadi 4. Juala la dukani likaadimika. Chupa za soda hazikuguswa. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 ilisogea mbele zaidi: taka zitenganishwe zilikozalishwa, na mzalishaji wa bidhaa abebe wajibu wake hadi inapogeuka taka.

Kipimo kigumu cha sheria hizi ni jaa la Dandora, lililotangazwa kuwa limejaa mwaka 2001. Mwaka 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru lifungwe katika miezi 6, lakini malori yaliendelea kumwaga taka hapo, hatua chache kutoka Mto Nairobi.