Ishara Zinazotujenga, Ishara Zinazotuua: Nzi, Kondoo na Historia ya Saratani

Utangulizi

Tarehe 23 Desemba 1971, Rais Richard Nixon wa Marekani alitia sahihi sheria ya taifa ya saratani. Jambo hilo likaitwa vita, na lugha ya vita haijatutoka vinywani hadi leo. Tunasema mgonjwa anapambana, dawa inashambulia, uvimbe ni adui aliyevamia. Huku kwetu pia mtu husema kansa "imemwingia" jirani yake, kana kwamba ilikuwa nje ya nyumba, ikasukuma mlango.

Katika insha hii ninadai kwamba historia ya sayansi haiungi mkono lugha hiyo. Ishara zinazoifanya seli ya saratani igawanyike bila kukoma ni zile zile zilizotupa vidole, uti wa mgongo na macho mawili tulipokuwa tumboni mwa mama zetu. Tena wengi wa waliotufunulia jambo hili hawakuwa wakitafuta saratani. Nitafuata njia mbili za ishara, Hedgehog na Wnt, kutoka kwa nzi hadi kwa mgonjwa. Kisha nitaeleza kwa nini historia hii inamhusu mtoto anayetibiwa leo.

Nzi wa Heidelberg

Kila mmoja wetu alianza akiwa seli moja. Seli hiyo ikagawanyika, na watoto wake wakawa ngozi, mfupa, utumbo na jicho. Seli haina ramani ya mwili mzima. Hujua mahali pake kwa kusikiliza majirani. Jirani hutoa protini, protini hiyo hugusa kipokezi kilicho juu ya seli, habari hupitishwa ndani kutoka protini moja hadi nyingine, na mwishowe jeni fulani huwashwa au huzimwa. Mfululizo huo ndio ninaouita njia ya ishara.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus walikuwa Heidelberg, Ujerumani Magharibi, wakiuliza swali dogo: buu wa nzi wa matunda anapataje pingili zake? Waliwapa nzi dume kemikali inayoharibu jeni, kisha wakakagua viinitete vya vizazi vilivyofuata, kimoja baada ya kingine, kwa hadubini ambayo watu wawili waliweza kuitazamia pamoja. Mwaka 1980 walichapisha katika jarida la Nature orodha ya jeni 15 ambazo zikiharibika, mpango wa pingili huvurugika.

Mabuu wa aina moja walijaa vimiba mwili mzima, wakafanana na kalunguyeye. Jeni yao ikaitwa hedgehog, yaani kalunguyeye kwa Kiingereza. Katika orodha hiyo hiyo kulikuwa na jeni iliyojulikana baadaye kwa jina la patched, na nyingine iitwayo wingless, "asiye na mabawa", ambayo R. P. Sharma wa India alikuwa ameieleza mwaka 1973 baada ya kuona nzi waliozaliwa bila mabawa. Naomba msomaji ayakumbuke majina haya matatu.

Utafiti uliofuata ulionyesha kwamba hedgehog na wingless hazifanyi kazi kila moja peke yake. Mpakani mwa pingili kuna safu mbili za seli zilizopakana. Safu moja hutoa protini ya Hedgehog, ambayo huiambia safu ya pili iendelee kutoa Wingless. Wingless nayo huvuka mpaka na kuiambia safu ya kwanza iendelee kutoa Hedgehog. Ukiondoa ishara moja, ya pili nayo hufifia, na mpaka hupotea. Ni majirani wawili wanaopeana moto: jiko la mmoja likizimika, la mwenzake haliwaki muda mrefu.

Mwaka 1995 Nüsslein-Volhard na Wieschaus walipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Edward Lewis. Lakini mwaka 1980, mtu aliyeambiwa kwamba orodha hiyo ingehusu dawa ya saratani angekuwa na haki ya kucheka.

Kondoo wa Idaho

Historia ya pili ilianzia malishoni. Katika miaka ya 1950, wafugaji wa jimbo la Idaho, Marekani, walikuwa wakipata wanakondoo wenye jicho moja tu katikati ya uso. Wataalamu wa wizara ya kilimo, miongoni mwao Wayne Binns na Lynn James, waliwafuata kondoo hadi milimani wakagundua chanzo chake. Kilikuwa mmea wa porini uitwao Veratrum californicum. Kondoo aliyeula siku ya 14 ya mimba alizaa mtoto wa jicho moja. Aliyeula baada ya kipindi hicho kupita alizaa mtoto mwenye macho mawili. Mwenzao Richard Keeler alitenga ndani ya mmea huo kemikali iliyopewa jina la siklopamini, kwa kufuata jina la jitu la jicho moja katika hadithi za Wagiriki. Wafugaji walishauriwa kuwaweka kondoo wenye mimba mbali na mmea huo, na kwao tatizo likaisha.

Jibu la pili lilikuja kwa njia ya nzi. Mwaka 1993 ilibainika kwamba wanyama wenye uti wa mgongo nao wana jeni za jamii ya hedgehog. Mwaka 1996 watafiti waliiondoa mojawapo katika panya, na watoto wa panya wakaumbika na jicho moja. Mwaka 1998 maabara ya Philip Beachy, Marekani, ilionyesha kwamba siklopamini huzuia ishara ya Hedgehog. Uso wetu unahitaji ishara hiyo ili sehemu moja ya mbele ya ubongo igawanyike pande mbili, na macho nayo yawe mawili.

Katikati ya matukio hayo, mwaka 1996, makundi mawili ya watafiti yaligundua chanzo cha ugonjwa wa kurithi ambao Robert Gorlin na Robert Goltz walikuwa wameueleza mwaka 1960. Wenye ugonjwa huo hupata uvimbe mwingi wa saratani ya ngozi aina ya basali. Jeni iliyoharibika ilikuwa patched ya binadamu. Kazi ya protini ya Patched ni ya breki. Ishara ya Hedgehog isipokuwepo, Patched huizuia protini nyingine iitwayo Smoothened isifanye kazi. Hedgehog inapofika huiachisha Patched kazi yake, na Smoothened huwa huru kuihimiza seli. Patched ikiharibika, seli huhimizwa usiku na mchana ingawa hakuna aliyeiita.

Sasa tuunganishe. Siklopamini hushika Smoothened na kuinyamazisha. Sumu iliyomnyima mwanakondoo jicho ikawa mfano wa dawa. Mwaka 2012 Marekani iliidhinisha vismodegib, kidonge kinachozuia Smoothened, kwa wagonjwa wa saratani ya basali iliyoenea au isiyofaa kufanyiwa upasuaji.

Panya, utumbo na Mulago

Hadi hapa huenda mtu akaniambia kwamba vita vya 1971 havikuwa na kazi. Hapana, na hapa nalazimika kupunguza makali ya dai langu. Njia ya Wnt inaonyesha kwamba waliowinda saratani walishika nusu ya kamba.

Mwaka 1982 Roel Nusse na Harold Varmus, San Francisco, walikuwa wakichunguza kirusi kinachosababisha saratani ya matiti kwa panya. Walikuta kwamba katika uvimbe mwingi kirusi kilikuwa kimejipachika jirani na jeni moja na kuiwasha. Wakaiita int1. Jeni ya saratani ilikuwa imepatikana, lakini kazi yake ya kawaida haikujulikana. Mwaka 1987 maabara ya Nusse, wakati huo Amsterdam, ilitafuta jeni kama hiyo katika nzi. Ilipatikana, kumbe ilikuwa wingless yenyewe. Majina mawili yakaunganishwa likapatikana moja, Wnt. Waliotafuta saratani na waliotafuta mabawa walikuwa wakichimba kisima kimoja kutoka pande mbili.

Mwaka 1991 jeni iitwayo APC iligunduliwa katika familia ambazo watu wake huota mamia ya vinyama ndani ya utumbo mpana, ambavyo baadaye hugeuka saratani. Mwaka 1993 ilionekana kwamba APC hushikamana na protini ya beta-katenini, mjumbe wa njia ya Wnt. APC nayo ni breki, kwani husaidia mjumbe huyo kuharibiwa wakati hakuna ishara. Mwaka 1998 panya walionyimwa protini ya Tcf4, anayopokelewa nayo mjumbe huyo ndani ya kiini cha seli, walikosa seli shina za utumbo mwembamba wakafa mara baada ya kuzaliwa. Ngozi ya ndani ya utumbo wetu hujifanya upya kila baada ya siku chache, na kazi hiyo hutegemea Wnt. Ishara hiyo ikikosekana utumbo hufa, na isipozimika utumbo huota saratani.

Mwaka huo huo wa 1998 ilionyeshwa kwamba moja ya jeni zinazowashwa na Wnt katika saratani ya utumbo mpana ni MYC. Jina hilo linaturudisha Afrika Mashariki. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya kwa watoto wa Kiafrika. Leo unaitwa limfoma ya Burkitt. Mwaka 1982 ilithibitika kwamba ndani ya uvimbe huo kipande cha kromosomu chenye MYC kimehamia penye jeni za kingamwili, ambazo katika seli hizo hazilali. Taya la mtoto wa Kampala na utumbo wa mzee wa Ulaya ni magonjwa mawili tofauti, na milango iliyofunguliwa ni tofauti, lakini yote mawili yamefika kwenye jeni moja ya ukuaji.

Mtoto anayekua

Katika nzi tuliona Hedgehog na Wingless zikitegemezana. Mwaka 2004 ilionyeshwa kwamba katika utumbo mpana hali ni kinyume: seli zilizokomaa hutoa ishara ya jamii ya Hedgehog ambayo huizuia Wnt. Ishara ni zile zile, lakini uhusiano wao umebadilika. Kwa hiyo hatuwezi kuiita ishara yoyote njema au mbaya kabla ya kuuliza iko wapi, lini, na nani anaijibu.

Swali hilo la "lini" ndilo linalonigusa zaidi. Mfupa wa mtoto hurefuka kwenye gegedu la karibu na ncha yake. Mwaka 1996 iligunduliwa kwamba hapo pia kuna mazungumzo. Seli zinazokaribia kukomaa hutoa ishara ya jamii ya Hedgehog, na jibu lake ni protini nyingine inayoziambia seli changa zisifanye haraka. Mtoto hurefuka kwa sababu ya subira hiyo. Sasa, baadhi ya uvimbe wa ubongo wa watoto uitwao meduloblastoma huendeshwa na Hedgehog, na dawa ya kuizuia ipo. Lakini mwaka 2008 panya wachanga waliopewa kizuizi cha Smoothened kwa siku chache tu walibaki na mifupa iliyoharibika maisha yao yote. Baadaye, kati ya watoto waliotibiwa kwa dawa za aina hii, walionekana ambao gegedu lao la ukuaji lilifunga kabla ya wakati wake.

Daktari anayefikiri kwa lugha ya vita huona shabaha na risasi. Anayeijua historia ya kondoo wa Idaho hukumbuka siku ya 14, na kabla ya kuandika dawa huuliza umri wa mgonjwa.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba ujuzi wetu wa saratani ulijengwa na watu waliotazama mabuu, waliofuata kondoo milimani, waliowinda virusi na waliopapasa taya za watoto wodini. Hakuna kundi ambalo lingefika peke yake. Kwa hiyo tunapogombana vyuoni kuhusu utafiti upi una faida na upi ni wa anasa, tuikumbuke orodha ya jeni 15 za nzi.

Na tunapomtembelea mgonjwa, tuchague maneno. Hakuna mgeni aliyemwingia. Sauti iliyomlea tangu tumboni imepotewa na jirani wa kuiambia basi, yatosha.