Petaluma na Kesi ya Nyumba Mia Tano

Katika madarasa yetu maneno mwenyeji na mgeni hufundishwa mapema, tena hufundishwa pamoja, kana kwamba moja haliwezi kusimama bila ya jingine. Mwanafunzi huambiwa mgeni njoo mwenyeji apone, akaikariri methali, akaendelea na somo. Ni nadra kuulizwa mwenyeji huyo ni nani, ameanza lini kuwa mwenyeji, na kama anayo haki ya kufunga mlango baada ya kuingia yeye. Katika makala haya tunakusudia kueleza habari za mji mmoja mdogo wa Marekani uliolazimika kuyajibu maswali hayo mbele ya mahakimu, baina ya mwaka 1971 na 1976. Tumeuchagua kwa kuwa hoja za pande zote mbili zimehifadhiwa vizuri katika hukumu, na pia kwa kuwa ugomvi wenyewe uligeukia fungu dogo la maneno, jambo ambalo mwalimu wa lugha hawezi kulipita bila ya kulitazama.

Petaluma uko katika jimbo la California, maili 40 hivi kaskazini ya San Francisco, kando ya mto mwembamba ambao maji yake hupwa na kujaa kwa kufuata bahari. Ulipata hadhi ya mji mwaka 1858. Kwa njia ya mto huo vyombo vilipeleka nafaka, siagi na mayai kwa walaji wa San Francisco, na mayai ndiyo yaliyoupa mji jina. Mwaka 1879 Lyman Byce, mtu aliyehamia huko kutoka Kanada, alishiriki kutengeneza mashine ya kuangulia vifaranga iliyoweza kutegemewa, na baada ya hapo mabanda ya kuku yalienea katika vilima vyote vya jirani. Wakazi wakauita mji wao Mji Mkuu wa Mayai Duniani. Mwanzoni mwa karne ya 20 walifika Wayahudi kutoka Ulaya ya Mashariki, watu waliokimbia dhuluma na umaskini, wakanunua vishamba na kufuga kuku kama wenzao. Tunapenda msomaji alishike hili tangu sasa: mji ambao baadaye ulitaka kuwawekea wageni kipimo ulikuwa umejengwa na wageni.

Hesabu ya watu mwaka 1950 ilikuta wakazi 10,315. Mwaka 1970 walikuwa 24,870. Ongezeko hilo, ingawa ni kubwa, lilikuja polepole kwa muda wa miaka 20, na mji uliweza kulimeza. Jambo lililowashtua watu ni mwendo wa miaka miwili iliyofuata. Mwaka 1967 zilikamilishwa nyumba 234. Mwaka 1970 zikawa 591. Na mwaka 1971 zikafika 891. Ilipofika Novemba 1972 wakazi walikadiriwa kuwa 30,500, yaani karibu mtu mmoja katika kila watano alikuwa hajatimiza miaka mitatu mjini.

Sababu haikuwa mayai tena. Barabara kuu inayotoka San Francisco ilikuwa imekwisha kupanuliwa na kuupita mji ubavuni, na mtu aliyefanya kazi katika jiji hilo au katika miji iliyo karibu nalo aliweza kulala Petaluma, ambako ardhi ilikuwa rahisi, na kurudi kazini asubuhi. Wakandarasi walinunua mashamba ya upande wa mashariki wa barabara na kuyajaza nyumba za familia moja moja, zinazofanana kama mapacha, safu baada ya safu. Mji wa kale, wenye maduka ya karne ya 19 na nyumba za mbao, ukabaki upande wa magharibi. Hivyo barabara ikawa mpaka baina ya watu wa zamani na watu wapya. Upande wa mashariki shule zilijaa hata watoto wakasoma kwa zamu mbili, ya asubuhi na ya mchana. Wasomaji wetu wengi wamefundisha kwa zamu hizo na hawahitaji kuelezwa.

Mwanzoni mwa 1971 baraza la mji lilisimamisha kwa muda shughuli za ujenzi mpya ili lipate nafasi ya kufikiri. Meya wakati huo alikuwa Helen Putnam, mwanamke aliyepata kuwa mwalimu wa shule. Mikutano ilifanywa, wananchi wakaulizwa maoni yao, wataalamu wa mipango wakaitwa. Agosti 1972 baraza lilipitisha azimio ambalo tangu hapo limejulikana kuwa ni Mpango wa Petaluma. Kwa miaka mitano, kuanzia 1972 hadi 1977, nyumba mpya zisizidi 500 kwa mwaka. Hesabu hiyo ilihusu miradi ya nyumba tano au zaidi tu. Mtu aliyejenga nyumba yake mwenyewe hakuguswa. Mji ungezungukwa na ukanda wa kijani wenye upana wa futi 200, uwe ndio ukomo wa kupanuka. Mgao wa kila mwaka ungegawanywa sawa baina ya mashariki na magharibi, na sehemu yake, baina ya asilimia 8 na 12, iwe nyumba za watu wenye kipato kidogo na cha wastani.

(Katika kiangazi hicho hicho George Lucas alikuwa akipiga picha za sinema yake American Graffiti katika mitaa ya Petaluma. Sinema hiyo inahusu maisha ya vijana wa Modesto, mji aliokulia, mnamo 1962. Lakini Modesto wenyewe ulikuwa umebadilika mno, ikambidi atafute kwingine mji wenye sura ya miaka kumi nyuma. Hatudhani mtu angeweza kubuni ushahidi bora zaidi kwa upande wa baraza.)

Waombaji wa vibali walishindanishwa kwa alama, mithili ya watahiniwa. Mradi ulipata alama kwa kuwa karibu na mabomba ya maji, mifereji ya maji machafu, kituo cha zimamoto na shule isiyojaa. Ulipata nyingine kwa uzuri wa ramani zake, kwa viwanja vya michezo, na kwa nyumba za bei nafuu. Wenye alama za juu ndio waliopewa mgao. Ni haki kusema kwamba utaratibu huu ulikuwa na adabu kuliko ule wa miji mingi ya Marekani, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ikiwazuia maskini kimya kimya kwa kuamuru kwamba kila kiwanja kiwe kikubwa na kila nyumba iwe ya fahari. Petaluma ulisema wazi unachokitaka. Huenda ndiyo sababu ulishitakiwa.

Chama cha wajenzi wa wilaya ya Sonoma, pamoja na wenye ardhi wawili, walikwenda katika mahakama ya serikali ya shirikisho. Hoja yao kubwa haikuwa faida yao, ingawa kila mtu aliiona. Ilikuwa ni haki ya raia kusafiri na kuhamia popote nchini. Hoja hii ilikuwa na nguvu mpya, kwani mwaka 1969 Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imekataza majimbo kuwanyima wahamiaji msaada wa serikali kwa sababu tu hawajatimiza mwaka mmoja katika jimbo. Mwaka 1974 Jaji Lloyd Burke aliwapa wajenzi ushindi. Alikubali hesabu iliyoonyesha kwamba, kama miji yote ya eneo lile ingefuata mfano wa Petaluma, katika miaka kumi ya 1970 hadi 1980 eneo lingepungukiwa na nyumba zipatazo 105,000, yaani robo ya zote zilizohitajika. Nyumba mia tano za mji mmoja ni kitu kidogo. Lakini jaji alitaka mji uhukumiwe kwa kutazama kitakachotokea iwapo kila jirani atafanya vivyo hivyo.

Hapa ndipo tunapokutana na lile fungu la maneno. Mji ulijitetea kwamba unataka kulinda, kwa Kiingereza chao, kitu ambacho sisi tungeweza kukiita tabia ya mji mdogo. Tunasema tungeweza, maana tafsiri si rahisi. Tabia kwetu ni ya mtu, na mtu huweza kulaumiwa kwa tabia yake, mji haulaumiwi. Tukisema sura ya mji mdogo, tunabaki na majengo na miti, na kuwasahau watu wanaosalimiana dukani. Tukisema hali, tumesema kila kitu na hatukusema lolote. Neno la Kiingereza linayakusanya yote hayo pamoja bila ya kulazimika kuchagua, na katika ulegevu huo ndimo lilimokuwamo nguvu yake. Mzee wa magharibi aliyechukia kelele, mama wa mashariki aliyetaka mtoto wake asome mchana kutwa, na mtu ambaye pengine hakupenda tu kupata majirani wa aina fulani, wote waliweza kulitamka neno moja kwa moyo mkunjufu. Hatudai kwamba wa tatu alikuwapo. Tunadai kwamba neno lisingemkataa.

Petaluma ulikata rufani, na Agosti 1975 Mahakama ya Rufani ya San Francisco iliipindua hukumu. Aliyeiandika alikuwa Jaji Herbert Choy, mzaliwa wa Hawaii na mtoto wa wahamiaji kutoka Korea. Juu ya haki ya kuhamia, mahakama ilisema kwamba wajenzi na wenye ardhi hawakunyimwa wao wenyewe haki hiyo. Wanaonyimwa, kama wapo, ni watu wasiojulikana ambao wangependa kuhamia Petaluma wakakosa nyumba, na hao hawakufika mahakamani. Basi swali hilo halikujibiwa. Lililobaki ni kama mji unayo haki ya kutaka utulivu, nafasi wazi na ukubwa wa wastani, na mahakama ikasema unayo. Ilikiri kwamba mpango unawazuia baadhi ya watu, lakini ikaongeza kwamba sheria zote za kugawa ardhi hufanya hivyo, na kwamba mpango huu haukulenga tabaka wala kabila lolote; kinyume chake ulifungua mlango kwa wenye kipato kidogo. Kama mahitaji ya eneo zima yanapuuzwa na mji mmoja mmoja, alisema jaji, ni kazi ya bunge la jimbo kuingilia, si ya mahakama za shirikisho. Mwaka 1976 Mahakama Kuu ilikataa kuisikiliza kesi, na mambo yakaishia hapo.

Kisheria uamuzi huo ulikuwa na mantiki. Kwa mwanahistoria, hata hivyo, unaacha pengo la ajabu. Mjadala mzima ulihusu watu wasiokuwapo, na kila mara walipotajwa ilionekana kwamba hakuna mwenye ruhusa ya kuwasemea. Mikutanoni hawakualikwa, kwa sababu hawakuwa wakazi. Katika kura hawakuhesabiwa, kwa sababu hiyo hiyo. Mahakamani walisemewa na wakandarasi, na wakandarasi wakaambiwa wajisemee wenyewe.

Miezi michache kabla ya hukumu ya Jaji Choy, mnamo Machi 1975, mahakama ya juu ya jimbo la New Jersey ilitoa uamuzi wa namna nyingine kabisa. Huko Mount Laurel, mji wa mashamba uliokuwa ukigeuka kuwa makazi ya watu wenye nafasi, familia za Wamarekani weusi waliomba kibali cha kujenga nyumba 36 za bei nafuu na kukataliwa. Miongoni mwa walioshitaki alikuwa Ethel Lawrence, ambaye wazee wake walikuwa wameishi hapo vizazi kadhaa. Mahakama iliamua kwamba kila mji unaokua katika jimbo lile unawajibika kubeba fungu lake la haki la nyumba zinazohitajiwa na maskini wa eneo zima. Tofauti na Petaluma inaonekana mara moja: wadai wa Mount Laurel walikuwapo, walikuwa na majina, tena walikuwa wenyeji kuliko wengi wa waliowakatalia. Bei ya ardhi ilikuwa karibu kuwageuza wageni kwao. Ethel Lawrence alifariki mwaka 1994, kabla ya nyumba zenyewe, zilizopewa jina lake, kufunguliwa.

Miji mingine ya California iliiga mfano wa Petaluma, kila mmoja kwa namna yake, na kama Jaji Burke alivyohofia, majirani walifanya vivyo hivyo. Wachunguzi walioulinganisha mji huo na Santa Rosa ulio jirani nao waliona kwamba nyumba mpya za Petaluma zilipanda bei zaidi, na kwamba zile za bei ya wastani zilipungua, licha ya ile asilimia iliyotengwa. Sababu si ngumu kuielewa. Mjenzi aliyepewa vibali vichache huvitumia kwa nyumba zenye faida kubwa, na alama za uzuri wa ramani hupatikana kwa fedha. Kwa upande mwingine, anayetembelea mji leo anaona mji wa kale wa mtoni ukiwa bado hai na mashamba yakiwa bado yanaonekana pembezoni mwake, na hayo nayo ni matunda ya mpango ule. Mwaka 2020 wakazi walikuwa 59,776.

Bunge la California lilichukua miaka 44 kuitikia mwaliko wa Jaji Choy, ambaye alifariki mwaka 2004. Katika mwaka 2019, jimbo likiwa katika dhiki kubwa ya makazi, lilipitisha sheria inayozuia miji mingi kuweka kipimo cha idadi ya vibali vya nyumba au cha idadi ya watu. Sheria hiyo haikuondoa mipaka ya upanuzi. Mpaka wa Petaluma, ambao wapiga kura waliuweka mwaka 1998, ulipigiwa kura tena mwaka 2024, wakakubali uendelee hadi 2050.