Dawa za Kibayolojia Zinavyotuliza Uvimbe wa Viungo kwa Wenye Soriasisi

Baridi yabisi ya soriasisi ni ugonjwa wa viungo unaowapata baadhi ya watu wenye soriasisi, maradhi ya ngozi yasiyoambukiza ambayo huleta mabaka mazito yenye magamba. Inakadiriwa kuwa hadi watu 30 kati ya kila 100 wenye soriasisi hupata pia ugonjwa huu, mara nyingi miaka kadhaa baada ya ngozi kuathirika. Kwenye ngozi nyeusi mabaka hayo huweza kuonekana ya kijivu au zambarau badala ya mekundu, na hivyo ni rahisi kudhaniwa kuwa ni fangasi. Kidole huvimba kwa urefu wake wote, kisigino huuma pale kano inapojishikiza kwenye mfupa, kucha huwa na vishimo vidogo, na mgongo hukakamaa asubuhi. Kipimo cha damu kinachotumika kutambua aina nyingine ya baridi yabisi kwa kawaida huwa hasi kwa wagonjwa hawa, kwa hiyo majibu hayo peke yake hayathibitishi kuwa mtu ni mzima.

Chanzo cha uvimbe huo ni mfumo wa kinga ya mwili kushambulia tishu za mwili wenyewe. Seli za kinga huwasiliana kwa protini ndogo zinazobeba ujumbe. Moja ya protini hizo, iitwayo TNF, hutanua mishipa midogo ya damu na kuita seli nyingine za kinga kwenye kiungo. Nyingine, intalukini 23, huzihimiza seli kutoa intalukini 17, ambayo huchochea ngozi kukua kwa kasi na kano kuvimba. Ujumbe huo usipokatizwa, seli zinazobomoa mfupa huongezeka, huku mfupa mpya ukiota mahali usipotakiwa. Kiungo kilichokwisha kuharibika kwa namna hiyo hakirudi katika hali yake ya awali.

Dawa za kibayolojia hukatiza ujumbe huo. Hizi ni protini zinazotengenezwa ndani ya seli hai maabara, nyingi zikiwa kingamwili zinazoshika aina moja tu ya protini ya ujumbe na kuizuia isifike kwenye seli iliyokusudiwa. Adalimumab na infliximab huizuia TNF, secukinumab huizuia intalukini 17, na guselkumab huizuia intalukini 23. Kwa kuwa tumbo lingezimeng'enya kama chakula, hutolewa kwa sindano ya chini ya ngozi au kwa dripu.

Msingi wa tiba hii uliwekwa mjini London, ambako Marc Feldmann na Ravinder Maini walianza mwaka 1992 kuwatibu wagonjwa wa baridi yabisi kwa kuzuia TNF. Mwaka 2002 Marekani iliidhinisha etanercept kwa ajili ya baridi yabisi ya soriasisi. Kwa kawaida mgonjwa huanza kwanza na vidonge kama methotreksati, ambavyo kwa ugonjwa huu humezwa mara moja kwa wiki na si kila siku. Kosa la kuvimeza kila siku limewahi kugharimu maisha. Dawa ya kibayolojia hufuata pale vidonge visipotosha. Baadhi ya wagonjwa hupata nafuu ndani ya wiki chache, lakini daktari hupima matokeo kwa miezi 3 hivi kabla ya kuamua kubadili dawa. Tiba hii hutuliza ugonjwa bila kuuondoa, na wengi wanaoiacha huugua tena.

Jambo linalohitaji uangalifu mkubwa zaidi Afrika Mashariki ni kifua kikuu. Tanzania, Kenya na Uganda zilikuwamo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo, na watu wengi hubeba vimelea vyake bila kuumwa. TNF ndiyo inayosaidia kuimarisha ukuta wa seli unaovizingira vimelea hivyo mwilini. Ikizuiwa, ukuta huo hulegea. Mwaka 2001 watafiti walichapisha taarifa za wagonjwa 70 waliopata kifua kikuu baada ya kutumia infliximab, wengi wao wakiwa wamepata dozi 3 au pungufu, na zaidi ya nusu wakiwa na ugonjwa nje ya mapafu.

Kwa sababu hiyo mgonjwa hupimwa kwanza kwa kipimo cha ngozi au cha damu pamoja na picha ya kifua. Anayekutwa na maambukizi fiche hupewa dawa ya kinga, na kwa kawaida huitumia angalau mwezi mmoja kabla ya sindano ya kwanza. Dawa zinazozuia intalukini 17 na 23 zina hatari ndogo zaidi upande huu, ingawa upimaji hufanyika vilevile. Homa ya ini B na VVU navyo hupimwa.

Chanjo zenye vimelea hai, ikiwamo ya homa ya manjano inayodaiwa kwa wasafiri, hazitolewi mgonjwa akiwa kwenye tiba. Mama aliyetumia baadhi ya dawa hizi akiwa mjamzito anapaswa kumjulisha mkunga kabla mtoto hajachanjwa BCG, kwa kuwa dawa huvuka kondo la nyuma na kubaki kwa mtoto kwa miezi kadhaa. Chanjo hiyo huahirishwa kwa ushauri wa daktari.

Sindano hizi huhifadhiwa kwenye jokofu katika nyuzijoto 2 hadi 8 bila kugandishwa. Iliyoganda haitumiki hata ikiyeyuka.