Kutoka Kibali hadi Kitambulisho

MTANGAZAJI: Kijana mkimbizi anayeuza nyanya Koboko, au anayejifunza ufundi wa pikipiki mjini Arua, leo anafanya kazi kwa haki ambayo baba yake hakuwa nayo. Tutazame ilivyopatikana.

Sheria ya Uganda ya mwaka 1960 ilikuwa ya kudhibiti wakimbizi; hata jina lake lilisema hivyo. Mkimbizi alikaa alikoelekezwa, na kutoka kambini kulihitaji kibali. Wasudani waliokimbia vita vya kwanza, kabla ya mapatano ya Addis Ababa ya 1972, waliishi chini ya sheria hiyo. Waliokuja miaka ya 1980 na 1990 waliikuta ipo bado. Wengi hawakungoja kibali. Walilima vibarua kwa wenyeji, wakauza sokoni.

Na wenyeji wenyewe walikuwa wameonja ukimbizi. Idi Amin alipoangushwa mwaka 1979, na vita vilipofika West Nile, maelfu kwa maelfu walivuka kwenda Yei huko Sudan na Aru huko Zaire. Mlugbara au Mkakwa anayekukodishia shamba leo, huenda mama yake alipanga foleni ya mgao upande wa pili.

Mwaka 1999 ukaanza mpango wa kujitegemea katika Arua, Adjumani na Moyo: mkimbizi apewe ardhi, atumie shule na zahanati pamoja na wenyeji. Nia ilikuwa njema. Lakini utamwambiaje mtu ajitegemee huku sheria imemfunga mguu?

Kamba hiyo ilikatwa na Sheria ya Wakimbizi ya 2006, na kanuni zake za 2010. Vifungu vya 29 na 30, kama vilivyopitishwa, vinampa mkimbizi haki ya kuajiriwa, kulima, kufanya biashara na kutembea nchini, kwa kufuata sheria. Kijana, vikumbuke vifungu hivyo.

Vita vya Juba vya Julai 2016 vikaleta watu wengi mno kwa muda mfupi. Familia ilipimiwa kiwanja cha mita 30 kwa 30. Hapo utajenga na kupanda mboga. Hutalisha ndugu watano. Aprili 2020 mgao ulipunguzwa kwa asilimia 30, na Februari 2021 ukabaki asilimia 60. Vijana wakaelekea mjini.

Sheria inawaruhusu, ila msaada haukuwafuata. Nje ya Kampala, mkimbizi wa mjini kwa kawaida huandikishwa kambini, na mgao wake uko huko huko. Kijana Mkongo mwenye kibanda cha kunyoa Koboko akisikia kuna uhakiki Lobule, hufunga kibanda, hulipa bodaboda, na siku hiyo haingizi hata shilingi.